Kabla hujaleta dume la pili la mbwa nyumbani

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu mbwa huja wakiwa wameshaumwa. Mara chache sana anakuja mtu akasema, "Dada nesi, nataka kuongeza mbwa, nifanyeje?" Makala hii nimeiandika kwa ajili ya huyo anayeuliza mapema. Aliyechelewa kidogo naye asome, kwa sababu sehemu ya jeraha iko mbele.

Hapa Mwanza mbwa wa pili huletwa kwa sababu moja: wezi. Mtu amejenga Buhongwa, Luchelele au Kisesa, ukuta haujakamilika, na mbwa aliyenaye ni mmoja. Au anaishi karibu na mwalo, nyavu na injini ya mtumbwi zinalala nje, na dume lake limezeeka. Anapata taarifa kwamba kuna mtu anahama na anaacha mbwa mkubwa, mchanganyiko wa kienyeji na German Shepherd, dume la miaka mitatu, kali. Bei ni nafuu. Jioni linafika kwenye bajaji likiwa limefungwa kamba, lango linafunguliwa, kamba inaachiwa. Usiku huohuo damu inamwagika.

Nitaeleza tukio moja, bila kutaja jina wala mtaa. Familia ilileta dume la pili siku ya Jumamosi. Mbwa walipigana wakati wa kupewa chakula cha jioni. Mtoto wa darasa la tano, ambaye ndiye aliyemlea mbwa wa kwanza tangu akiwa mdogo, aliingiza mkono ili kumwokoa rafiki yake. Aliumwa mkononi, na hakuna aliyejua ni mbwa yupi kati ya wale wawili aliyemuuma. Walimpaka tumbaku na mafuta ya taa, wakafunga kitambaa. Nilimwona mtoto siku ya nne, mkono umevimba, na nilipouliza kuhusu chanjo ya mbwa, baba akanijibu kwa sauti ndogo: "Wa kwetu alichanjwa mwaka juzi. Huyu mgeni, dada, sikuuliza."

Nimelirudia jibu hilo moyoni mara nyingi. Alikuwa ameuliza bei, umri, na kama mbwa anabweka usiku.

Anza na kadi ya chanjo

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi. Virusi hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kupitia jeraha la kung'atwa, mkwaruzo, au mate yakigusa jicho, mdomo au kidonda kilicho wazi. Kutoka hapo virusi husafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Kwa watu wengi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au ikafika mwaka. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kushindwa kumeza, kuchanganyikiwa, mwili kulegea, hakuna dawa inayoponya. Mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Watoto ni sehemu kubwa ya wanaoumwa. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo mbwa humfikia usoni na kichwani kwa urahisi, na jeraha la huko lina safari fupi kufika kwenye ubongo.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayekupa mbwa liwe hili: kadi yake iko wapi? Chanjo ya kichaa hutolewa kwa mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Mbwa aliyechanjwa mwaka juzi asihesabiwe kuwa amechanjwa. Kama kadi haipo, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajafika kwako, au mwite aje siku ileile. Ofisi ya mifugo ya kata au ya halmashauri itakuambia ni lini chanjo inatolewa na wapi. Halmashauri nyingi hufanya kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini usimkalishe mbwa miezi sita kwa kusubiri Septemba. Kumbuka pia kwamba chanjo ya kwanza inahitaji kama wiki tatu hadi nne ili kinga ijengeke. Mbwa aliyechomwa sindano leo asubuhi hajapata kinga leo jioni.

Kuna watu huniambia mbwa wao hatoki nje, kwa hiyo hana haja ya chanjo. Mbwa wa Mwanza asiyetoka ni nadra. Lango likifunguliwa kwa gari tu, ameshafika kwa jirani. Na mbwa mwenye kichaa kutoka mtaa mwingine huweza kuruka ukuta au kupita uwazi wa michongoma. Kinachozuia ugonjwa huu ni wingi wa mbwa waliochanjwa: wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mwaka hadi mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Jambo hili limeonekana hapa kwetu. Katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Serengeti mbwa wamekuwa wakichanjwa kwa miaka mingi, na kule Pemba chanjo ya mbwa ilifanikiwa kuutokomeza ugonjwa. Mbwa wako wawili ni sehemu ya hesabu hiyo.

Mbali na kichaa, mgeni akae peke yake kwa wiki mbili. Mfungie banda upande mwingine wa uwanja, awe na chombo chake cha maji na cha chakula. Ugonjwa wa kuharisha damu wa mbwa, ambao wafugaji huuita pavo, na homa ya mbwa inayoitwa distempa huweza kuingia na mgeni na kumwua mwenyeji. Distempa siyo ya kuchezea. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ugonjwa huo ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Binadamu hawapati ugonjwa huo, ila mbwa wako atapata. Katika wiki hizo mbili mpe mgeni dawa ya minyoo na muogeshe dawa ya viroboto na kupe. Mwangalie vidole na nyayo pia, maana mbwa hubeba funza, na akiwa nao wanaobaki kutembea na funza miguuni ni watoto na bibi.

Kwa nini madume wawili hawapatani

Mimi ni muuguzi, siyo daktari wa mifugo. Haya nimejifunza kwao na kwa kuangalia nyumba ninazotembelea.

Dume aliye na uwanja wake anaujua kuwa ni wake. Amekojolea kila nguzo. Ukimleta dume mwingine mzima moja kwa moja ndani ya lango, kwake ni sawa na mwizi, na wewe ndiye uliyemfundisha kwamba mwizi anayeingia langoni ang'atwe. Kwa hiyo usimlaumu.

Hatari ni kubwa zaidi kama wote hawajahasiwa, wanalingana ukubwa na umri, na kuna jike la jirani lililo kwenye joto. Watu hushangaa mbwa waliokua pamoja wakiwa wadogo wanapoanza kupigana ghafla. Mara nyingi inatokea mmoja anapofika mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu. Huo ndio umri dume anaanza kujipima. Ndugu wawili wa tumbo moja hawana kinga dhidi ya hilo.

Kama sababu yako ni ulinzi tu na bado hujaamua, ushauri wangu ni huu: chukua jike aliyefungwa kizazi, au mtoto wa mbwa, kuliko dume mzima wa pili. Jike hubweka vilevile. Najua wengi hawapendi kusikia hivyo, maana mtaani sifa ni ya jibwa dume lenye kifua. Lakini nimefunga majeraha ya kutosha kusema ninachosema.

Kuhusu kuhasi, nasikia sana kwamba mbwa aliyehasiwa anakuwa mvivu na halindi. Si kweli. Kulinda na kubweka hakutoki kwenye korodani. Kinachopungua ni kuzurura kutafuta majike, kukojoa ovyo na kugombana na madume wengine. Kazi hii ifanywe na daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi, siyo na kijana mwenye wembe. Na usitarajie mabadiliko kesho yake, tabia huchukua wiki kadhaa hadi miezi kutulia. Ukiweza, wahasi wote wawili kabla hawajakutana.

Kuwakutanisha

Baada ya wiki mbili, wakutanishe nje ya nyumba, mahali ambapo si pa yeyote kati yao. Njia pana isiyo na watu wengi inafaa. Wanahitajika watu wazima wawili, kila mmoja na mbwa wake kwenye mkanda imara na kamba. Watoto wabaki nyumbani. Msiwasogeze uso kwa uso. Tembeeni upande mmoja, kila mmoja pembeni yake, mkiwa mbali kiasi cha hatua ishirini au zaidi, kisha mpunguze umbali kidogo kidogo kadiri mbwa wanavyotulia. Kamba isivutwe ikakaza muda wote, kwa sababu mbwa anayekabwa hudhani kuna hatari.

Angalia mwili wa mbwa. Mkia uliosimama wima na mgumu, nywele za mgongo zilizosimama, kukodoa macho bila kupepesa, mwili kuganda, vyote hivyo ni ishara ya kurudi nyuma na kuongeza umbali. Mwili uliolegea, kunusanusa majani, kugeuza kichwa pembeni, hiyo ni nafuu. Rudieni siku tatu, nne, wiki ikibidi. Mtu mmoja wa Nyegezi aliniambia alitembea nao asubuhi siku tisa kabla ya kuwaingiza nyumbani pamoja, na majirani walimcheka. Mpaka leo sijaitwa kwake.

Siku ya kuwaingiza, toeni kwanza mwenyeji nje, mgeni aingie na kunusa uwanja, ndipo mwenyeji arudi. Ondoa kila kitu cha kugombewa: mifupa, vyombo vya chakula, hata lile gunia kuukuu analolalia.

Na chakula. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Sisi tunawapa mbwa ugali na mapanki ya sangara kutoka viwandani, au mabaki ya dagaa, na tunamwaga kwenye sufuria moja. Kwa mbwa wawili wenye njaa, sufuria moja ni uwanja wa vita. Kila mmoja apewe chombo chake, mahali pake, akiwa amefungwa au nyuma ya mlango, na vyombo viondolewe kabla hawajafunguliwa. Hili liwe la maisha yao yote, hata wakipatana. Wala mtoto asitumwe kupeleka chakula cha mbwa wawili. Mtu mzima mmoja apewe kazi hiyo na ajulikane.

Usiku ambao haupo, au mmesafiri mkamwacha msichana wa kazi na watoto, watenganishe. Mmoja banda, mwingine nje, wapokezane zamu.

Wakipigana

Usiingize mkono. Usishike mkanda wa shingo. Mbwa aliye vitani hageuki kuangalia ni nani aliyemgusa, hung'ata kilicho karibu, na mara nyingi ni mkono wa mwenye nyumba. Kwanza ondoa watoto. Kisha mwaga ndoo ya maji usoni kwao, au piga sufuria kwa kelele, au tupa blanketi juu yao, au ingiza ubao, meza au kipande cha bati katikati. Kama mko watu wazima wawili na vyote vimeshindikana, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, karibu na nyonga, amwinue na kurudi kinyumenyume, huku akienda upande upande ili mbwa asimgeukie. Ukiwa peke yako usijaribu hilo. Wakishaachana, kila mmoja afungiwe kwake mpaka kesho. Usiwalazimishe kupatana jioni ileile.

Waeleze watoto mapema, kwa maneno machache: mbwa wakipigana, kimbia ndani umwite mkubwa. Yule mtoto wa darasa la tano hakuwa mtukutu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ukiumwa, hata na mbwa wako mwenyewe

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kwa saa. Sabuni ya kufulia inafaa. Kama hakuna bomba, mtu amimine maji kwa kopo huku mwingine akiosha. Sabuni huharibu virusi, na dakika hizo 15 ni tiba kweli, zisionekane kama jambo dogo la kusubiria gari. Baada ya hapo paka spiriti au ayodini kama ipo. Usipake tumbaku, majivu, pilipili, mafuta ya taa wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Vitu hivyo huchoma nyama na kuficha uchafu ndani ya jeraha. Usikimbilie kushona. Jeraha la mbwa kwa kawaida huachwa wazi kwanza, na mhudumu ndiye ataamua.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Utapewa chanjo ya kichaa, na huenda ukahitaji sindano ya pepopunda na dawa za kuua vijidudu. Jeraha lililotoka damu linahitaji pia imunoglobulini, kingamwili zinazochomwa ndani na kuzunguka jeraha ili zizuie virusi wakati chanjo inajenga kinga. Siku hizi si ile habari ya sindano nyingi za kitovuni ambayo wazee bado wanawatishia watoto. Chanjo huchomwa begani, au paja kwa watoto wadogo, kwa ratiba fupi: siku ya kwanza, ya tatu, ya saba baada ya hapo, na nyingine kulingana na njia inayotumika kituoni kwako. Andika tarehe zako na uzimalize zote. Mama mjamzito na mtoto mchanga nao huchanjwa, haina madhara kwao.

Wengine husema, mbwa ni wetu, tunamjua. Mbwa aliyeuma anaweza kuangaliwa kwa siku 10: akiwa mzima na mwenye afya siku zote hizo, maana yake hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyokuuma, na mhudumu anaweza kusimamisha chanjo. Lakini siku hizo 10 unazihesabu huku umeshaanza dozi. Usimuue mbwa, wala usimwache atoroke. Mfungie, mpe chakula bila kumgusa, na umjulishe ofisa mifugo wa kata. Akifa au akibadilika tabia ndani ya siku hizo, sema mara moja kituoni. Kama wamepigana wawili na hamjui aliyeuma ni yupi, wote wawili waangaliwe.

Najua tatizo la mwisho. Unafika zahanati unaambiwa chanjo haipo, au gharama inakushtua. Usirudi nyumbani ukakaa. Mwambie mhudumu akupigie simu kituo kingine na akuandikie barua ya rufaa. Kwa Mwanza, hospitali ya wilaya yako ndiyo ya kuanzia, kisha Sekou Toure ambayo ni ya mkoa, au Bugando. Kwa walioko visiwani Ukerewe, ulizeni kabla ya kupanda kivuko ili msizunguke bure. Na kama siku zimepita, nne, kumi, hata mwezi, bado nenda. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo ina maana.

Yule mtoto tuliuosha mkono wake upya, akaanza dozi siku ileile ya nne, na baba yake akauza redio ili kukamilisha nauli na gharama. Mbwa wote wawili walifungiwa. Mgeni alipita siku 10 akiwa mzima, kisha akachanjwa. Mwenyeji pia. Sasa wanalala pande mbili za nyumba, kila mmoja na sufuria yake, na baba ndiye anayepeleka chakula. Kadi mbili za mbwa amezitundika ukutani sebuleni, pembeni ya kadi za kliniki za watoto, na nikienda kumtembelea hunionyesha kabla sijauliza.